Kupigana Pasipo Tumaini la Kushinda

Nchi ndogo inapovamiwa na dola kubwa, kosa la mvamizi si jambo linalohitaji mjadala mrefu. Karibu kila dini na kila mfumo wa maadili umeshalitolea hukumu. Swali gumu liko upande wa pili: je, aliyevamiwa ana haki, au hata wajibu, wa kupigana vita ambavyo akili inamwambia atashindwa? Na akiwa na haki hiyo, nani mwenye ruhusa ya kuamua kwa niaba ya watakaokufa?

Tamthilia za televisheni hulipenda swali hili kwa sababu linaweza kupewa uso wa mtu mmoja: waziri mkuu asiyelala, ofisa anayesubiri amri, mke anayemsihi mumewe asitoke. Tamthilia ya Norwei iitwayo Okkupert, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, inabuni nchi hiyo ikishikwa na Urusi hatua kwa hatua, kwa baraka za Umoja wa Ulaya, baada ya serikali kusimamisha uzalishaji wa mafuta na gesi. Historia yenyewe ilikwisha kuwapa Wanorwei kisa kikali zaidi. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark na Norwei siku hiyohiyo. Denmark ilisalimu amri kabla jua halijapanda sana. Mfalme Haakon wa Saba wa Norwei alikataa, na jeshi lake likaendelea kupigana hadi Juni. Nchi mbili jirani, za Kilutheri zote mbili, zenye adui mmoja, zilitoa majibu mawili, na zote zikakaliwa hadi mwaka 1945. Wala kusalimu amri hakukuwa mwisho wa dhamiri ya Wadenmarki: mwaka 1943 waliwavusha kwa mashua Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Sweden, na hivyo kuwanusuru.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania hazina haja ya kubuni uvamizi. Vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani, tangu 1891 hadi 1898, vimeshaingia katika tamthilia. Ile ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, ilichapishwa mwaka 1979, miaka kumi baada ya Ebrahim Hussein kutoa Kinjeketile kuhusu Vita vya Majimaji. Zote mbili ni za jukwaani. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara, kwani vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na vita vya aina hii hugharimu fedha nyingi kuvipiga picha. Lakini kwa anayetaka kulipima swali la kupigana bila tumaini, kisa cha Uhehe kina sifa ambayo tamthilia nyingi zinaikosa: ukikitazama kutoka Iringa una hadithi moja, na ukikitazama kutoka Mbeya una hadithi nyingine, na zote mbili ni za kweli.

Mwanzo wake haukuwa na ukosefu wa tumaini hata kidogo. Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alirithi dola ambayo baba yake aliijenga kwa kuziunganisha koo nyingi ndogo, akaipanua hadi misafara ya kati ya pwani na Tabora ikawa haina usalama. Mwaka 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, alikwenda Uhehe kuwaadhibu, akichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya mji wa leo wa Iringa, safu yake ndefu iliviziwa na wapiganaji wapatao 3,000. Bunduki za rashasha na mizinga vilikuwa bado migongoni mwa punda na mabegani mwa wapagazi. Sehemu kubwa ya mapigano ilimalizika kwa dakika chache. Walikufa Wazungu kumi, Zelewski akiwa mmoja wao, askari wapatao 250 na wapagazi wengi, na Wahehe wakateka bunduki mia kadhaa. Anayetajwa kuwa kiongozi wa vita siku ile ni Mpangile, nduguye Mkwawa, ambaye jina lake litarudi baadaye katika hali ya kusikitisha.

Kuhusu Lugalo mafundisho ya vita vya haki hayana mvutano. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliweka masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Wahehe walikuwa na mtawala wao, ardhi yao na mvamizi aliyekwisha kuwasha moto. Waislamu nao wana msingi ulio wazi katika Sura ya Hajj, inayowaruhusu kupigana wale waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao. Shida inaanza pale panapoongezwa sharti la nne, kwamba pawepo tumaini la maana la kufaulu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inalitaja sharti hilo bayana, na inalitaja kwa vita vya kujihami, si vya kushambulia tu. Hoja yake ni ya huruma: mtawala asiwapeleke watu machinjoni kwa ajili ya heshima.

Si wanateolojia wote waliolikubali. Francisco Suárez, Mjesuiti wa Hispania aliyefariki mwaka 1617, alitenganisha vita viwili. Anayeanzisha vita, hata kwa sababu ya haki, lazima apime uwezekano wa kushinda, kwa kuwa angeweza kukaa nyumbani. Aliyevamiwa hapimi, kwa kuwa hakuchagua. Vita vimemkuta mlangoni. Suárez ana nguvu katika hoja hii, lakini kuna kitu amekiruka. Aliyevamiwa pia ana chaguo, yaani kusalimu amri, na chaguo hilo lina bei yake, ambayo hulipwa na watu wengine.

Sheria ya Kiislamu iliingia katika tarakimu zenyewe. Sura ya Anfal inataja kwanza watu ishirini wenye subira wakiwashinda mia mbili, kisha inawapunguzia waumini mzigo, na mia wanatakiwa kuwakabili mia mbili. Mafakihi walitoa humo kanuni kwamba si halali kukimbia adui ambaye idadi yake haizidi mara mbili. Akizidi hapo, kurudi nyuma si dhambi. Hapohapo wakashikilia kwamba nchi ikivamiwa, kuitetea huwa wajibu wa kila mwenye uwezo, na kwamba kiongozi aliye dhaifu anaweza kufunga mkataba wa amani, kama Mtume alivyofanya Hudaybiya mwaka 628 huku baadhi ya masahaba wakinung'unika. Kanuni hizi zikiwekwa pamoja zinaonyesha hekima ambayo tamthilia nyingi haina: zinakubali kwamba ushujaa una mpaka, na kwamba mpaka huo unaweza kuvukwa bila aibu.

Karne nyingi kabla ya mafundisho hayo, mwaka 416 kabla ya Kristo, Waathene walikifikia kisiwa kidogo cha Melos na kukitaka kisalimu amri. Mwanahistoria Thukidide ameandika mjadala wao. Waathene walisema haki huzungumzwa kati ya walio sawa kwa nguvu; Wamelos walijibu kwamba wana matumaini kwa miungu na kwa rafiki zao wa Sparta. Walipigana. Walipozidiwa, wanaume wazima waliuawa na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Wasomaji wa Thukidide wamegawanyika hadi leo kuhusu nani anayeshutumiwa katika kurasa zile, Waathene kwa ukatili wao au wakuu wa Melos kwa kuamua peke yao, maana Thukidide anaeleza kwamba mjadala ulifanyika mbele ya wakuu wachache, wala si mbele ya umma wa kisiwa.

Uhehe ilijikuta katika hali ya Melos baada ya kushinda, jambo lisilo la kawaida. Lugalo ilimpa Mkwawa miaka mitatu. Mazungumzo ya amani yalijaribiwa yakakwama, na mwaka 1892 wapiganaji wake waliishambulia ngome ya Wajerumani huko Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa. Kalenga, makao yake kando ya Mto Ruaha Mdogo, ilizungushiwa ukuta wa mawe mrefu wa kilomita kadhaa, kazi iliyowatoa watu jasho kwa miaka. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele liliuvunja ukuta huo, likiwa na mizinga na likiongozwa katika shambulio na Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani. Mkwawa aliponyoka.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu ndipo swali linapobadilika. Hadi Kalenga, Mkwawa alikuwa mtawala anayetetea mji wake. Baada ya Kalenga alikuwa mtu anayewindwa, mwenye wafuasi wanaopungua, katika nchi ambayo wenye bunduki ni wengine. Mwaka 1896 Prince alijenga boma ambalo mji wa Iringa ulikua kulizunguka. Desemba ya mwaka huo Wajerumani walimsimika Mpangile kuwa mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, badala ya kaka yake. Februari 1897 wakamwua, wakimtuhumu kumsaidia Mkwawa kwa siri. Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha vilichomwa, mifugo ikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa. Waliojisalimisha waliruhusiwa kulima. Wengine walikaa porini hadi njaa ikawatoa.

Je, mtu mmoja ana haki ya kutojisalimisha ilhali kujisalimisha kwake kungezima moto kwa maelfu? Jibu la haraka husema waliochoma vijiji ni Wajerumani, na hatia ni yao. Jibu hilo ni sahihi, nalo halitoshi. Kuna tofauti kati ya hatia na dhima. Hatia ya kijiji kilichochomwa iko kwa aliyeshika kiberiti na aliyempa amri. Dhima ya kujua kwamba kijiji kitachomwa inamhusu pia anayeomba hifadhi humo usiku. Mkwawa alijua. Upande wa pili wa mizani ni kwamba kwa karibu miaka minne, penye njaa na zawadi kubwa, Wahehe walio wengi hawakumtoa. Waandishi wa kizalendo wamelichukua jambo hilo kuwa ridhaa, na kwa kiasi wana haki. Lakini Mkwawa alikuwa mtawala aliyeogopwa kwa adhabu zake, na ukimya wa kijiji kinachowaogopa watu wawili kwa wakati mmoja hauthibitishi ridhaa kwa yeyote kati yao. Pengine Mpangile, aliyepokea kiti kutoka kwa wavamizi kisha akauawa nao, ndiye aliyeujua uzito wa swali hili kuliko wote. Tamthilia humweka mtu kama yeye pembeni, akiwa msaliti wa kupita. Mtunzi makini angemweka katikati.

Ukivuka Mto Ruaha Mkuu kuelekea Mbeya, swali linageuka kabisa. Kabla ya Wahehe kuwa na dola, Wasangu walikuwa nayo, chini ya watawala walioitwa Merere. Ni katika kupigana na Wasangu ndipo Munyigumba na watu wake walipojifunza namna ya kupanga majeshi. Kisha mwanafunzi akamzidi mwalimu. Katika miaka ya 1870 Wahehe waliwasukuma Wasangu kutoka bonde la Usangu. Konsuli Mwingereza Frederic Elton, ambaye jina lake lilibaki kwa muda mrefu kwenye tambarare ya Kitulo, alifika kwa Merere mwaka 1877 na kukuta Wahehe wakimshambulia. Merere alihamia magharibi, Usafwa, akajenga ngome ya mawe huko Utengule, si mbali na Mbalizi ya leo. Kwa Msangu wa wakati ule, mvamizi wa kigeni alikuwa Mhehe. Wajerumani walipofika, Merere aliona mshirika, akawapa wapiganaji dhidi ya Mkwawa, na Uhehe iliposhindwa Wasangu walirudishwa Usangu, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Mbarali.

Merere amehukumiwa na vitabu vingi kuwa kibaraka. Hukumu hiyo inachukulia kwamba mwaka 1894 kulikuwa na kitu kiitwacho Tanganyika, ambacho yeye alikisaliti. Hakikuwapo. Palikuwa na Usangu iliyonyang'anywa na jirani, na mgeni mwenye mizinga aliyeahidi kuirudisha. Kwa masharti ya Akwino, Merere alikuwa na mamlaka, na alikuwa na sababu ya haki kama aliyokuwa nayo Mkwawa pale Lugalo. Tumaini la kufaulu alikuwa nalo zaidi ya Mkwawa. Alichokosa, ukimpima kwa tunachokijua sasa, ni kuona kwamba mshirika huyo angemmeza naye. Kutoona mbali ni kosa la akili kabla ya kuwa kosa la maadili, na hata Mkwawa hakuona mbali alipowapiga majirani badala ya kuwafanya washirika.

Mlolongo hauishii kwa Merere. Ngome ya Utengule ilijengwa juu ya ardhi ya Wasafwa, na Wasafwa ndio waliofanya kazi na kutoa kodi kwa Wasangu waliokimbia Wahehe. Mtunzi anayetaka kuonyesha nchi ndogo iliyovamiwa angeweza kuanzia kwa mkulima wa Usafwa, kwenye miteremko ya mlima ulioupa mji wa Mbeya jina lake, ambaye katika kizazi kimoja alitawaliwa na Msangu na kisha na Mjerumani. Yeye hana tamthilia. Hata majeshi ya Wajerumani yenyewe hayakuwa ya Kijerumani kwa hesabu ya vichwa: Hermann von Wissmann aliwaandikisha Wasudani huko Misri mwaka 1889, na wengine kutoka Msumbiji ya Wareno, na baadaye watu wa bara hilihili. Mvamizi wa kigeni aliyeuvunja ukuta wa Kalenga alikuwa, kwa sehemu kubwa, Mwafrika aliyelipwa mshahara.

Je, hii ina maana kwamba kila mvamiwa ni mvamizi wa jana, na kwa hiyo hakuna mwenye haki? Hapana. Haki ya kutetea ardhi haifutwi na dhambi ambazo mtu alimtendea jirani. Mwizi naye ana haki ya kutouawa. Uhehe ilikuwa na haki dhidi ya Ujerumani, na Usangu ilikuwa na haki dhidi ya Uhehe, na haki hizo mbili zinaweza kusimama pamoja. Kisichosimama ni hadithi moja ya taifa inayomfanya Mkwawa kuwa mtetezi wa watu ambao wao wenyewe walimkimbia.

Mwaka 1905 swali lilirudi, na safari hii Iringa ilijibu kinyume. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipanda kutoka kusini mashariki hadi Ungoni, Upangwa na Ubena. Mwezi Septemba Wabena wa mtawala Mbeyela waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Wahehe hawakujiunga, na wengine walitembea na Kapteni Nigmann wa boma la Iringa kwenda kuiokoa ngome ya Wajerumani ya Mahenge. Wasangu pia walibaki upande wa Wajerumani. Ni vigumu kuwalaumu Wahehe: walikuwa wamezika watu wao miaka saba tu nyuma. Walijua bei. Wabena waliojiunga walikutana na sera ileile ya kuchoma chakula, kwa kiwango kikubwa zaidi, na njaa iliyofuata iliua kuliko risasi. Makadirio ya vifo vya Majimaji hufika kati ya 250,000 na 300,000.

Kuhusu tumaini, Majimaji ilileta jambo ambalo si Suárez wala Katekisimu waliolifikiria. Wapiganaji wa Majimaji hawakupigana bila tumaini. Walikuwa nalo tele, kwa kuwa waliamini dawa ya maji ingezigeuza risasi. Sharti la kufaulu likipimwa kwa kile anachoamini mpiganaji, walilitimiza. Likipimwa kwa hali halisi, hawakulitimiza. Ebrahim Hussein, ambaye alieleza kwamba Kinjeketile wake si Kinjikitile Ngwale wa historia, nabii wa maji hayo, aliyenyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, aliliweka swali hili mwishoni mwa tamthilia: Kinjeketile anatakiwa akane maji, naye anakataa, ingawa ameshayatilia shaka. Anaona kwamba neno la kukana litaishi kuliko yeye, na kwamba watoto watafundishwa kuwa waliopigana walikuwa wajinga. Hapo mtunzi anapendekeza maana nyingine ya kufaulu: kuacha nyuma watu wanaojua kwamba kukataa kunawezekana. Pendekezo hilo ni zuri jukwaani. Nje ya jukwaa lina hatari, kwa sababu mafanikio yanayopimwa kwa kumbukumbu za vizazi vijavyo hayawezi kukanushwa na maiti yoyote, na kiongozi anayeyategemea anaweza kuhalalisha lolote.

Wamisionari nao walikuwa na jibu lao. Wamoravian walifika Rungwe mwezi Agosti 1891, mwezi uleule wa Lugalo, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa muda mfupi baadaye, kisha Ukinga na Ubena. Walifundisha Waraka kwa Warumi, sura ya 13, kuhusu kuitii mamlaka iliyowekwa na Mungu. Lakini mvamizi huwa mamlaka lini? Siku anapovuka mpaka si mamlaka, na baada ya vizazi vitatu hakuna anayemwita mvamizi tena. Mahali fulani katikati kuna siku ambayo utii hugeuka kutoka usaliti kuwa wajibu, na hakuna mwanateolojia aliyewahi kuitaja tarehe yake. Wahehe wa 1905 waliishi katika pengo hilo.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kikosi cha Sajini Merkl wa jeshi la Wajerumani kilisikia mlio wa bunduki, kikasogea na kukuta miili miwili. Mmoja ulikuwa wa Mkwawa. Alikuwa amejipiga risasi asikamatwe.

Katika eneo lenye Wakatoliki na Walutheri wengi kama Iringa, kifo hicho kinapaswa kuleta ugumu, na ugumu huo huzungumzwa kidogo mno. Agostino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alimhukumu Kato Mroma aliyejiua badala ya kuishi chini ya Kaisari. Alisema ni udhaifu uliovaa vazi la ushujaa: kama kuishi chini ya mshindi ni aibu, mbona Kato alimwacha mwanawe aishi hivyo? Hoja hii inamgusa Mkwawa moja kwa moja, kwani Sapi, mwanawe, aliishi chini ya Wajerumani. Uislamu nao unakataza mtu kujiua. Katekisimu imelainisha hukumu kwa kukiri kwamba hofu kubwa ya mateso hupunguza dhima ya aliyejiua.

Lakini Mkwawa hakuwa Mkristo, na kumpima kwa Agostino ni kumwingiza katika mahakama ambayo hakuitambua. Katika imani ya Wahehe mtawala aliyekufa haondoki. Huingia miongoni mwa masoka, roho za wahenga, ambao kaburi lao ni mahali pa kutambikia na ambao huendelea kuiangalia nchi. Mtwa aliyechukuliwa pwani kwa minyororo, akanyongwa na kuzikwa pasipojulikana, amepotea pamoja na ulinzi wake. Mtwa aliyekufa Uhehe amebaki. Kwa mantiki hiyo risasi ya Mlambalasi haikuwa kukimbia jukumu. Ilikuwa namna ya mwisho ya kulitekeleza. Anaweza mtu kuikataa imani hiyo, lakini hawezi kusema haina hoja. Wajerumani, bila kukusudia, waliielewa: walikata kichwa na kukichukua.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kutoka katika mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akitumia vipimo vilivyolinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa na alama ya tundu la risasi, na mwaka 1954 alilikabidhi kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Kama fuvu lililoko Kalenga ni lenyewe au la, watafiti wamelijadili. Hata hivyo Mwingereza alilirudisha wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa mtawala wa kigeni mwenye kuhitaji utiifu wa Wahehe, na hilo ni somo dogo la namna mshindi anavyoweza kuitumia heshima ya aliyeshindwa.

Swali lilikuja kwa sura ya tatu mwaka 1978, safari hii likiihusu Tanzania nzima. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Julius Nyerere, Mkatoliki aliyewasoma wanafalsafa wa kanisa lake, alilieleza taifa kwamba sababu ya kupigana ipo, nia ipo na uwezo upo. Vijana waliokariri maneno hayo shuleni hawakuambiwa kwamba mawili kati yake ni masharti ya Akwino, na la tatu ni lile tumaini la kufaulu lililowagawa Suárez na wengine. Mamlaka, sharti lililobaki, alikuwa nalo kwa cheo chake. Safari hii nchi iliyovamiwa ilikuwa na nguvu za kumtoa mvamizi, ikamtoa, kisha ikaendelea hadi Kampala, iliyoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi, na mwezi Julai mwaka huo, kwenye mkutano wa Monrovia, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kuivunja. Nyerere alijibu kwa kuuliza kwa nini umoja huo haukumlaani Amin kwanza. Haki ya kujihami huishia wapi kwa aliye na uwezo, na kama mpaka wa adui unaweza kuvukwa kwa ajili ya watu wake mwenyewe anaowaua, ni suala ambalo Mkwawa hakuwahi kupata nafasi ya kulikabili, na ambalo Merere alilijibu, kwa niaba ya Wasangu, kwa kumwongoza Mjerumani hadi Uhehe.